Herufi Mbili za Mkutano Mkuu

Mji mzima ulikuwa unajipodoa kwa ajili ya mkutano mkuu wa chama. Mashimo ya barabarani ambayo watu walishazoea kuyasalimia yalizibwa kwa siku mbili, na kuta zikapakwa chokaa upande unaoonekana tu. Chama chenyewe, loh, kilikuwa vipande viwili: kambi ya Mwenyekiti na kambi ya Katibu, hawasalimiani hata msalani. Walibishana wiki nzima juu ya bango la ukumbini, mwishowe wakaafikiana neno moja tu: TUSHIKAMANE.

Kazi akapewa mchora mabango wa nyuma ya stendi, aliyeitwa Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana wengine walichelewa kumpa. "Miaka thelathini sijakosea hata nukta!" alikuwa akijipiga kifua. Binti yake, mwalimu, alimsihi mara ngapi akapimwe macho! Akajibu macho yake mazima, ila herufi za siku hizi zimekonda. Ukweli aliujua yeye na mto wake: mwaka wa pili huu alikuwa anaona ukungu. Na mchora mabango asiyeona ni nani? Ni mzee wa kukaa sebuleni, anayeulizwa kama ameshakula. Hilo lilimtisha kuliko kifo.

Kichumba chake kilikuwa kifupi kuliko bango, kwa hiyo aliandika kipande, akakunja kilichokauka, akaendelea. Alipofika TUSHIKA akainamia kikaratasi alichopewa. Jicho likaruka kutoka A moja hadi A nyingine. Akamalizia NE kwa madaha, akaweka na sahihi, kubwa kweli, ili watu wamjue.

Asubuhi ya mkutano bango likapandishwa: TUSHIKANE.

"Mashati au makoo?" mjumbe mmoja akauliza, ukumbi ukaangua kicheko. Kisha kambi zikaanza kurushiana maneno, kila upande ukiapa kwamba Profesa katumwa na wenzao. Profesa mwenyewe alikuwapo, amekuja kusikia sifa. Mtu wa Mwenyekiti akamvuta pembeni: "Mzee, sema tu Katibu ndiye aliyekutuma. Mabango yetu yote utachora wewe." Hajapumua, mtu wa Katibu akamnong'oneza yale yale dhidi ya Mwenyekiti, sikio la pili. Makubwa haya! Uzee wote huu, leo ndiyo anagombewa kama mwali. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu.

"Baba, kuna nini?" Binti yake alikuwa amekuja kuona kazi ya baba.

Profesa akaona aibu. Katika wote aliowadanganya, huyu ndiye aliyedanganywa zaidi.

"Sijatumwa na mtu," akasema kwa sauti. "Sioni. Nimeandika kwa mazoea na kiburi, na vyote viwili havijui kusoma."

Kambi zote mbili, bila kupiga kura, zikakubaliana papo hapo kwamba mzee huyu ni balaa. "Angalau nimewapatanisha," akajisemea. Muda wa bango jipya haukuwepo, ikaamriwa MA ichomekwe kwa juu, kama kwenye daftari la mwanafunzi.

Profesa akapanda vipandio viwili vya ngazi, akatazama juu, akaona weupe mtupu. Akashuka, akamkabidhi binti yake brashi.

"Panda wewe, mama."

Akaishika ngazi kwa mikono miwili. Rangi ikamdondokea kwenye paji la uso, akaiacha.

"Zimenyooka?" akauliza.

"Zimenyooka, baba."

Akakodoa macho, hakuona kitu, ikabidi amwamini.