Mti wa Kushindilia Baruti

Kaluki aliamka, akapika, akauza, akalala. Hivyo ndivyo alivyoishi tangu baruti imuue mume wake Nzioka kwenye kwari ya mawe, nje kidogo ya Kitengela. Watu walisema ana moyo mgumu kwa sababu hakulia matangani. Hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mkono uliolaliwa usiku kucha, na ganzi hiyo haikutoka hata alipohamishia kibanda chake cha chakula palepale ukingoni mwa kwari. Alihamia hapo kwa sababu mwanawe Kitonga alikuwa amepewa kazi ya baba yake.

Kazi yenyewe ni kushindilia. Mwamba unatobolewa shimo jembamba, utambi unaingizwa, baruti inamiminwa, kisha mtu anaibana kwa mti mpaka ikae imara. Ikikaa legelege hutoa moshi na kelele tu, jiwe likabaki linakuangalia. Ikishindiliwa sawasawa, mwamba unapasuka vipande vizuri vya kujengea. Lakini lazima uwe mti. Chuma kikigonga jiwe hutoa cheche, na Nzioka alishindilia kwa mtaimbo siku ambayo mti ulikuwa umevunjika.

Mti wa sasa ulikuwa wa oloirien, mzeituni wa porini, umenyooka na kulainishwa na viganja vya watu. Kila asubuhi Kaluki aliutazama mkononi mwa Kitonga kwanza, ndipo akamtazama mwanawe usoni.

Siku ile mvua ilikuwa imelowesha kuni. Kitonga aliuegemeza mti kwenye mabati ya kibanda, akakimbia kusaidia kusukuma lori lililokwama kwenye tope. Kaluki alikuwa akichochea moto chini ya sufuria ya githeri, macho yote kwa Kitonga kule nyuma ya magurudumu, mkono ukipapasa kuni. Mkono ukapata kitu kikavu, ukakisukuma motoni.

"Mwaitu, mti wangu uko wapi?" Kitonga alimuuliza mama yake aliporudi.

Wote wawili wakatazama mafiga. Ncha peke yake ndiyo iliyobaki nje, fupi kuliko mwiko.

"Haki, Yeyo ametupikia mti!" Koinet, mpasuaji mawe aliyezoea kumwita Kaluki mama kwa Kimaasai, aliangua kicheko. "Leo hii githeri italipuka tumboni!"

"Ni mimi," Kaluki alisema. "Sikuangalia."

Mbugua, nyapara wa kwari, hakucheka. Lori lilikuwa limeshatoka kwenye tope na dereva alikuwa akipiga honi, anataka mawe.

"Kitonga, chukua mtaimbo," alisema. "Gonga polepole, kama mtu anabisha hodi kwa wakwe."

"Sawa, boss."

Kaluki aliweka mwiko chini. Akawafuata hadi kwenye mwamba, na kabla Kitonga hajafungua mkebe wa baruti, akakunja leso yake, akaketi juu ya shimo.

"Mwaitu, toka hapo."

"Sitoki."

"Watu wanaangalia!"

"Waangalie."

"Mama Kitonga," Mbugua alisema, "niko na lori inangoja. Hii ni kwari, si benchi ya kanisa."

"Basi niinue wewe."

Mbugua akatazama pembeni. Hakuna mwanamume pale ambaye angemshika mama wa mwenzake akamwondoa mbele ya mwanawe. Walisimama tu, wakikohoa. Dereva alichoka, akatukana, akaondoka na lori tupu kuelekea kwari nyingine. Mwishowe Koinet akachukua panga, akaenda vichakani kukata mti mwingine.

Aliporudi nao, Mbugua alikuwa ameshaamua. "Kushindilia atashindilia Koinet. Wewe kijana, enda umenye viazi na mama yako."

Wanaume wakacheka. Kitonga alimsogelea mama yake.

"Ulichoma makusudi."

"Si makusudi, mwanangu."

"Ulichoma, ukanikalia shimo, sasa sina kazi."

Kaluki alitazama mikono ya mwanawe. Ilikuwepo yote miwili, na vidole vyake vyote.

"Baruti!" mtu akapaza sauti, watu wakajificha. Mwamba ukapasuka vizuri. Kaluki hakushtuka.

Alasiri Kitonga alikuja kibandani na begi mgongoni. Rafiki yake alikuwa amemwambia kuna kazi Magadi.

"Huko hakuna baruti?" Kaluki aliuliza.

"Huko hakuna mama."

Alimfungia chapati kwenye gazeti. Kitonga alizipokea bila kumwangalia, akapanda mteremko kuelekea barabarani, amenuna, anatembea kwa haraka kwa miguu yake miwili. Kaluki alisimama kando ya mabati akingoja kilio kije, au hata furaha. Hakuna kilichokuja. Wateja walikuwa wameanza kugonga sahani, akaingia ndani kuwapakulia.