Mashine ya Gatongora Niliyoitolea Ushahidi

Siku ile ya mvua kule Ruiru naikumbuka, mwanangu, kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa. Ilikuwa miaka ya tisini, miguu yangu bado ina nguvu. Sisi Waislamu wa Majengo, Thika, hatukuwa na benki ya kufuata dini yetu, kwa hivyo tulikuwa na Mfuko wetu pale msikitini. Mfuko haukumpa mtu pesa mkononi, maana riba ni haramu. Ukitaka kitu, Mfuko unakinunua wenyewe, kisha unakuuzia kwa faida mliyokubaliana, nawe unalipa polepole. Lakini kwanza lazima mtu wetu akione hicho kitu kwa macho. Mtu huyo alikuwa mimi. Kusoma sikusoma sana, ila walisema sidanganyiki upesi.

Salimu, mdogo wa mume wangu, aliomba mashine ya kusaga mahindi. Nikaenda kuikagua Gatongora, huko huko Ruiru. Nikamkuta na muuzaji, jamaa aitwaye Njoroge, mbele ya stoo yenye kufuli.

"Fundi ameenda na ufunguo, shemeji," Salimu akasema. "Twende unywe chai, umelowa."

"Nitamngoja."

"Mpaka kesho? Ama siku hizi unaniona mwizi? Si wewe ulipika wali wa harusi yangu?"

Njoroge akacheka. "Mama, hata bibi harusi hakaguliwi hivi!"

Nikaona haya. Nikaweka kidole gumba kwenye karatasi, kwamba mashine nimeiona.

Mfuko ukamlipa Njoroge, Njoroge akampa Salimu zile pesa, Salimu akaenda kutengenezea lori lake bovu. Stoo ilipofunguliwa baadaye, tulikuta magunia matupu na paka amezaa.

Mzee Juma Wanjohi, mwenyekiti wetu, hakupiga kelele. Aliniwekea ile karatasi mbele yangu. "Mama Fatuma, kidole chako kiliona nini?"

Nikakificha kidole ndani ya kanga.

"Kidole hakina macho. Sisi tulikutegemea wewe utuonee."

Salimu hakulipa, na kumshtaki ndugu tukashindwa. Wengine nao wakasema, kama shemeji ya Mama Fatuma halipi, sisi tulipe kwa nini? Mfuko ukafa hivyo, kimyakimya.

Aliyekuwa na zamu iliyofuata ni Nuru, mjane wa Hamisi, jirani yangu. Alikuwa akingoja cherehani. Kona ya kuiweka alikuwa ameshaifagia. Akarudi kuchuma kahawa kwenye baridi, na kifua chake kile kigonjwa, mpaka kikamlaza asiinuke tena. Hakunilaumu hata siku moja. Kila asubuhi alinisalimu, "Umeamkaje, dada?" na hiyo salamu ndiyo iliyonila. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilipokuwa nikimmwagia maji, nilikiona kidole changu.

Mwanangu, leo mna benki zenye jina la dini yetu. Jina halilindi mali. Wezi ni wachache. Kinachoiua zaidi ni haya zetu sisi tunaojuana. Ukitumwa ukaone, ona. Ukiambiwa ufunguo haupo, rudi kwenu na mvua yako. Heri lawama kuliko fedheha: lawama ya Salimu ingekwisha Idi ikifika, tukila pamoja. Hii yangu naingia nayo kaburini.

Mungu akupe macho, akupe na ulimi wa kusema, "Sijaona." Na Nuru amjalie huko aliko pumziko nililomnyima hapa. Amina.