Ng'ombe Niliyempeleka kwa Wakwe

Kile kijiji sikipendi. Naanza hivyo ili mtu asiseme baadaye kwamba nilimficha. Watu wa kanisani kwetu hapa Schaerbeek, kila wakisikia mwanangu alioa Indonesia, wanafungua macho: "Papa, kule kuko plage?" Hakuna plage, hakuna ufuko wowote. Kuna milima, mvua, mpunga, na bibi mmoja ambaye Mungu akiniweka jirani naye mbinguni nitaomba kuhama.

Mimi shule niliishia mwaka wa tatu wa primaire, kule milimani juu ya Bukavu, kwa hiyo mtanivumilia nikienda kando. Nilikuwa mtu wa kukaa juu ya mizigo kwenye malori, nikawa mkimbizi, halafu nikaosha masufuria jikoni mwa hospitali moja hapa Brussels mpaka mabega yakakataa. Masufuria ya hospitali ni makubwa, mtu anaweza kuogea ndani. Bon, si hiyo niliyotaka kusema.

Niliyotaka kusema ni mjukuu wangu. Nina mwana mmoja, naye ana mtoto mmoja, msichana. Mke wangu alikufa mwaka ule mtoto alipoanza kutambaa. Nyumbani kwangu nikimtoa huyo msichana, kinabaki kiti na redio.

Mwanangu alimuoa mama yake kwenye ofisi ya commune, ya serikali ya mtaa, dakika kumi na tano na picha mbili kwenye ngazi. Tena alifuata dini ya mke wake, Uislamu, na mimi nilinyamaza naye miezi sita. Hilo nimelimeza, ila halijashuka lote. Lililonitoa usingizi ni jingine: hakutoa ng'ombe. Kwetu, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa wajomba. Awe na pua yako, acheke kama mama yako mzazi, wajomba wakija wanamchukua na wewe huna mdomo.

Nilimwambia mwanangu. Akacheka.

"Papa, huku ni Belgique. Mutoto iko na jina yako kwa carte."

"Carte ni karatasi. Ikinyeshewa inaisha."

"Na ng'ombe haikufaka?"

"Ng'ombe anazaa, mjinga wewe. Anazaa, na yule aliyezaliwa anazaa. Ndiyo maana tunatoa ng'ombe, hatutoi saa ya mkono."

Mtoto alipofika mwaka na nusu wakasema wanampeleka kijijini kwa kina mama yake, kuna sherehe ya kumtambulisha. Nikasema nami nakwenda. Mwanangu akafurahi, alidhani nakwenda kupiga picha. Mimi nilikuwa nimefunga pesa ya mtamba mmoja ndani ya soksi.

Ndege inakushusha kwenye mji wa joto, chini, karibu na bahari. Halafu gari inapanda. Kona zile zilinikumbusha kona za Ngomo tukitoka Uvira kwenda Bukavu, ambako niliona kwa macho yangu lori la chumvi likigeuka matumbo juu. Kijiji chenyewe kimekaa chini ya mlima unaotoa moshi, kama ndugu yake Nyiragongo, na watu wanalima karoti na kabichi mgongoni mwake bila wasiwasi. Asubuhi ni baridi ya kwetu kabisa, ile ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Mpunga umepangwa ngazi kwa ngazi. Nyumba za zamani zina paa lililopinda, ncha zake zinachoma juu kama pembe za nyati.

Mtu akisoma hapo atasema ni pazuri. Aende akae. Nusu ya nyumba zile zimefungwa, sakafu zimeoza, mlango umeshikwa na waya. Wanaume wote wameondoka kwenda miji mingine kuuza wali na nguo, maana kule kijana asiyeondoka ni aibu. Wamebaki kina mama, wazee, na paka waliokatika mikia. Na mvua. Nilikuwa na viatu vya kanisani. Siku ya tatu soli ya kushoto ilibaki kwenye matope, nikaendelea na hatua mbili kabla ya kujua.

Watoto wananifuata nyuma, "Mister! Mister!" Mama mmoja dukani alinisugua mkono kwa kidole gumba, halafu akaangalia kidole chake. Na mimi nikasugua wake, nikaangalia changu. Duka lote likacheka. Mimi sikucheka.

Chakula chao nacho. Wanapika sombe! Nilipoona majani ya muhogo nilitaka kulia. Lakini hawaitwangi. Wanaitupa majani mazima kwenye tui la nazi, na pilipili ya kumfukuza mwizi. Nilikula sahani tatu ili niwe na hakika kwamba ni mbaya.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kule nyumba ni ya wanawake. Shamba la mpunga ni la wanawake. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayeamua mambo yake ni kaka wa mama. Mume anakuja kulala kwa mkewe kama mgeni, na mchana anakaa kwenye kibanda cha kahawa. Niliposikia hivyo nikapapasa soksi yangu. Nikasema, kumbe nimewahi. Hapa bila ng'ombe nimekwisha.

Mjomba wa mke wa mwanangu, yaani kaka wa mama yake, mzee mwembamba mwenye kofia nyeusi, alinipeleka soko la ng'ombe. Kule bei haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mkono chini ya kitambaa, saruni, na wanabanana vidole: kidole hiki ni kiasi hiki, ukipinda ni nusu. Mtu wa pembeni haoni kitu, anaona watu wawili wazima wameshikana mikono wanakunja uso. Yule mzee alinisaidia. Alinionyesha dume nene. Nikakataa. Nikataka mtamba, jike changa, mweusi, mwenye nyonga pana. Akaniuliza kwa mikono: huyu? Nyama kidogo! Nikasema huyu. Wauzaji wakatazamana. Nilijua wanafikiri mimi sijui ng'ombe. Mimi, niliyechunga tangu sijaota meno ya pili!

Jioni nilimkabidhi mbele ya wote. Mama wa mke wa mwanangu, mkwe wangu, yule bibi wa mbinguni, alishika kamba kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Ameshika! Kwetu ukishika kamba umekubali. Usiku ule nililala kama mtu aliyezika deni la babu yake.

Asubuhi nilitoka kwenda kumkatia majani. Nikakuta miguu minne imepangwa kwenye jani la mgomba.

Wamemchinja. Mtamba wa ukoo wangu, ambaye angezaa, wanawake kumi wamemzunguka na masufuria, wanamkoroga kwenye nazi mpaka anakuwa mweusi. Nilikaa juu ya jiwe. Mkwe akaniletea kipande cha ini, cha kwanza, kwa heshima, kwenye sahani yenye maua. Nilikula. Ningefanya nini?

Mchana tukakaa kwenye mikeka, kila mtu kwa mahali pake. Mimi nikawekwa juu kabisa, karibu na nguzo. Mzee wa kofia akasema maneno marefu, na watu wakaitika kwa furaha, na mwanangu ananitafsiria polepole, jasho linamtoka.

"Anasema… bon, kule kwao ukoo wa baba ya mutoto banauita bako. Anasema mutoto mwenye hana bako ni kama amesimama na muguu moja. Sasa bako amekuja na nyama. Mutoto amesimama na miguu mbili ndani ya nyumba ya mama yake."

"Ndani ya nyumba ya nani?"

"Ya mama yake, papa."

"Na wewe ulijua?"

Akaangalia mkeka. "Nilijua."

"Tangu soko?"

"Tangu Brussels. Ulikuwa na furaha, papa. Nilisema niache."

Donc hivyo. Nilivuka dunia kwa pesa yangu, nikachagua ng'ombe kwa macho yangu, ili nimchukue mtoto. Na kwa ng'ombe yuleyule nikawapigia muhuri kwamba mtoto ni wao. Watu wakanishika mkono mmoja mmoja. Mama wa dukani, yule wa kunisugua, alilia kwa furaha.

Miaka ikapita. Mtoto akakua hapa Schaerbeek, ananiita Koko, yaani babu, tunapanda tram pamoja mpaka Matonge, mtaa wa Waafrika, kununua sombe ya barafu, anabishana na wauzaji kwa Kifaransa kama mama mzima. Jumatano shule inafunga mapema, alikuwa wangu. Nilianza kusahau. Hilo ndilo kosa la uzee, unaanza kuamini Jumatano.

Alipofika miaka sita, mkwe akaja. Majira ya baridi, na sanduku moja la nguo na matatu ya viungo. Alikaa kwa mwanangu, mtaa wa nyuma, lakini kila siku alikuwa kwangu kwa sababu jiko langu lina moto mkubwa. Alihamisha chumvi yangu. Alifungua dirisha nikifunga. Hatuna lugha moja, na nawaambia, watu wanaweza kugombana miezi miwili bila lugha.

Jumapili moja baada ya misa nilipika sombe, ya kutwanga, na mawese, na samaki mkavu, nimwonyeshe. Akala. Akasema kitu, na mwanangu akaficha mdomo.

"Sema."

"Anasema ni muzuri. Anasema kule kwao banapatiaka bazee benye hawana meno."

"Mwambie nina meno ishirini na mbili. Mwambie na macho pia ninayo, naona amekuja kutafuta kitu."

Mwanangu hakutafsiri. Aliweka kijiko chini. Ndipo nikaelewa kwamba nilimlenga mkwe, na niliyempata ni mwanangu.

"Papa, tuongee kidogo. Ni juu ya mutoto. Kwa nyumba ile ya kijiji hakuna mutoto mwanamuke mwengine. Bibi akikufa, kama hakuna musichana, nyumba inafungwa, mashamba inaenda kwa watu wengine. Donc… tunahama. Mwezi wa saba."

Niliangalia mke wake. Huyo ni mtoto mtulivu, hajawahi kunikosea, na siku hiyo alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja.

Nikasimama. Nilisema mengi, mengine siwezi kuandika, nimebatizwa. Nilisema nilitoa ng'ombe. Nilimwelekezea mkwe kidole usoni: nilikupa ng'ombe! Hilo alilielewa bila mtu. Akajibu palepale, na mwanangu kwa mara ya kwanza akatafsiri upesi, kama mtu anayetema kitu cha moto.

"Anasema: tulimukula. Alikuwa laini."

Msichana alikuwa chini ya meza na penseli zake. Akatoa kichwa, akasema, "Koko, mupole." Yeye ananituliza mimi! Nikakaa.

Waliondoka mwezi wa saba kweli. Uwanja wa ndege sikwenda. Nilisema mguu unauma, na mguu haukuuma. Nilipanda tram peke yangu mpaka mwisho wa mstari, nikarudi, nikapanda tena, mpaka dereva mmoja Mturuki akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo, aniache.

Karibu mwaka mzima nilikuwa naongea na mjukuu kwenye simu. Kifaransa chake kinapungua, cha kule kinaongezeka. Nyuma yake naona lile paa la pembe, limewekwa mabati mapya, na mkwe anapita kwa makusudi.

Halafu wiki tano zilizopita mwanangu akapiga. Sauti tamu. Kuna sherehe, mtoto anapewa chumba chake kwenye nyumba kubwa, ukoo wote unakuja. Nikasema pongezi kwao. Akasema, papa, haiwezi kuanza bila bako.

"Haiwezi?"

"Haiwezi. Mahali ya bako kwa mukeka lazima ikae muntu wa bako. Na bako ni wewe peke yako."

Nilikaa na hilo neno siku nzima. Nililinywa na chai. Kesho yake nikampigia mimi. Nikasema nitakuja, kwa sharti moja: kila likizo kubwa, mtoto yuko hapa, Schaerbeek, kwenye kiti hiki. Na nikileta ng'ombe safari hii, akiguswa kwa kisu nitapanda ndege nirudi palepale.

Mzee wa kofia alikasirika. Akasema haijawahi kutokea bako kuweka sharti. Sherehe ikasogezwa. Ikasogezwa mara ya pili. Naambiwa mchele wa kwanza umeingia wadudu. Watu wa kanisani wananiambia, papa, samehe, nenda. Nawauliza, ninyi ndio mlioliwa ng'ombe?

Juzi simu ikalia na alikuwa mkwe mwenyewe, bila mtu wa kutafsiri. Hatuna lugha, nimeshasema. Alinitazama. Nikamtazama. Amezeeka, na nadhani aliona hivyohivyo. Nyuma yake kaka yake, yule mzee wa kofia, alikuwa anaongea na watu. Akavuta ncha ya shela yake, akafunika mkono ili yule asione, akausogeza karibu na simu, na ndani ya kile kivuli akanyoosha kidole kimoja. Mwezi mmoja wa likizo.

Nikachukua kitambaa cha sahani, nikafunika wangu ingawa hapa hakuna wa kunichungulia. Nikanyoosha viwili.

Akakunja uso. Akakata.

Basi hapo ndipo tulipo. Wanangoja, na mimi nangoja. Pasipoti nimeshaifanya upya pale commune, na viatu nimenunua, vya matope. Hilo hawalijui, na atakayewaambia nitamjua.