Mbabula Iliyopata Sita kwa Ishirini

Katika ukoo wa Stanislas hakuna aliyewahi kuuza kitu. Babu yake alipunga bendera za reli, baba yake alikaza nati za mabehewa, na yeye mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, alitumwa kituoni na beseni la karanga za kuchemsha, akarudi na beseni tupu, mfuko mtupu na tumbo limejaa. Hiyo ndiyo biashara pekee ya maisha yake, na hajawahi kuitaja popote alipoomba kazi. Basi kitivo cha uhandisi pale chuoni Kasapa, alikokuwa mhadhiri, kilipoamua kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho wafundishwe ujasiriamali, na barua ikaja na jina lake kama mwalimu wa somo hilo, aliisoma mara mbili, halafu akaigeuza bahasha kuona kama haikukosea mlango.

Alikubali hata hivyo. Stanislas si mtu wa kukataa barua yenye mhuri.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya wanafunzi sitini akasema maneno matamu. Mhandisi asikae akisubiri kampuni ya migodi imwite. Atembee, atazame shida za watu, awaulize, atengeneze, kisha auze. Alipofika kwenye "awaulize" aligonga meza. Akaweka na sharti: kabla muhula haujaisha, kila kundi liwe limeuza kitu kimoja lilichokitengeneza, na mnunuzi asiwe ndugu, jirani wala mtu wa parokia moja. Watakaoshindwa watarudia mtihani mwezi wa tisa, katika ile wanayoiita deuxième session.

Séphora, binti mwembamba kutoka mtaa wa Annexe ambaye hukaa mstari wa mbele, aliinua mkono.

"Ba prof, excusez. Na benyewe munauzishaka nini?"

Darasa lilicheka. Mtu mwenye akili angejibu kwamba yeye ni wa nadharia, yakaisha. Lakini ulimi wa Stanislas hutangulia na kichwa hufuata baadaye kuomba radhi. Alisema kwamba yeye pia atauza kitu, kwa sharti lile lile, na akishindwa jina lake litabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na yao, apewe alama, naye arudie. Kabla hajakaa alikuwa ameshajuta.

Alijifariji kwamba bidhaa anayo. Kwa miaka minane alikuwa akitafiti mbabula bora, jiko la makaa la bati jembamba na udongo ndani, lenye miguu mirefu ili hewa ipite vizuri chini. Lilitumia nusu ya makaa. Alikuwa amelipima maabara kwa kuchemsha sufuria mia nne za maji, na kila sufuria ilikuwa na safu yake kwenye jedwali. Aliipenda mbabula ile kiasi ambacho mke wake, Constance, angeiona ni mke mwenza kama angekuwa na muda wa wivu.

Jumamosi moja aliileta nyumbani, akaifuta kwa kitambaa na kuiweka mbele ya mkewe. Constance aliisukuma kwa kidole kimoja. Ikatikisika.

"Baba David, uliuliza nani?"

"Kuuliza juu ya nini? Résultats iko," alisema Stanislas, akigonga jedwali lake la matokeo.

"Résultats inakulaka bukari?" Constance akarudi kwenye nguo zake alizokuwa anafua.

Stanislas alimsamehe moyoni. Si kila mtu amesomea joto.

Mnunuzi alimchagua mwenyewe: Mama Marceline, mwenye malewa, kibanda cha chakula kando ya barabara iendayo Luano, mahali ambapo madereva wa pikipiki hula bukari, ugali wa huko, mchana. Hakuwa ndugu, hakuwa jirani, na parokia yake ilikuwa nyingine kabisa. Séphora alikuja kuwa shahidi. Stanislas alieleza mzunguko wa hewa kwa dakika ishirini, mpaka dereva mmoja akamaliza kula, akalipa, akaondoka. Mama Marceline alisikia neno moja tu, nusu ya makaa, na hilo alilipenda.

"Bon, ba prof. Kama inapikaka muzuri, minanunua leo. Tupime na bukari."

Maji yalichemka upesi ajabu. Stanislas alimtupia Séphora jicho la ushindi. Unga ukaingia, ukaanza kukaza. Ndipo Mama Marceline alipoushika mwiko kwa mikono miwili, akainama, na mguu wake wa kushoto ukatoka wenyewe kutafuta pa kukanyaga. Haukupata. Ile miguu mirefu myembamba ilikuwa imeiinua sufuria juu, mbali na unyayo wa mtu yeyote. Mara ya kwanza kugeuza, mbabula ilitembea. Mara ya pili ilicheza. Mara ya tatu ililala chini, na bukari ya watu kumi na wanane ikamwagika kwenye vumbi, na Mama Marceline akaruka makaa kwa wepesi ambao hakuna aliyeutarajia.

Mama Marceline aliutazama mwiko uliobaki mkononi. Kisha akauliza kwa upole, kama daktari:

"Ba prof, mulipikaka bukari hata siku moja?"

"Nilipikaka maji," alisema Stanislas.

"Maji!" Madereva walishika mbavu. "Ba prof alipikaka maji!" Hata Stanislas alicheka, ila alichelewa kidogo, na kicheko chenyewe kilikuwa chembamba. Aliokota makaa yake kwa koleo, moja moja.

Mama Marceline alianza upya kwenye mbabula yake ya zamani, rimu nzito ya gari iliyokaa chini kabisa. Aliikanyaga sufuria sikioni kwa mguu wa kushoto, akageuza bukari kwa nguvu. Juu ya unyayo ule, palipoishia kandambili, palikuwa na kovu jeusi la kuungua, limejikunja kama ukucha. Stanislas alilitazama. Alijua amewahi kuliona mahali, na njia nzima ya kurudi, mbabula ikiwa mapajani, alijaribu kukumbuka ni wapi.

Alilikuta uani kwake. Constance alikuwa anageuza bukari ya mchana, mguu wa kushoto juu ya sikio la sufuria. Makovu yalikuwa mawili. Stanislas aliketi kwenye kigoda, akatazama jambo lililofanyika mbele yake kila siku kwa miaka ishirini na miwili.

"Mama David, ile kovu ni ya nini?"

"Ya bukari."

"Ya tangu wakati gani?"

"Ya chini, mwaka David alizaliwa. Ya juu, mwaka ulianza doctorat."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekwambia saa gani? Ulikuwa unaandika juu ya mbabula."

Stanislas aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya kuchekesha. Meza yake ya kuandikia ilikuwa hatua tano kutoka pale. Sufuria mia nne za maji, na hatua tano zilimshinda.

Jumatatu, muhula ukiwa umeisha, alibandika orodha ubaoni. Waliotakiwa kurudia walikuwa tisa. Chini yao aliongeza jina lake kwa kalamu, na mbele yake akaandika 6/20. Séphora, ambaye kundi lake lilikuwa limefaulu, alisoma hadi mwisho.

"Ba prof, ile sita ni ya nini?"

"Ya maji. Maji ilitoka muzuri."

Mchana alirudi nyumbani mapema na daftari jipya. Constance alikuwa ndiyo kwanza amemimina unga. Stanislas aliweka daftari chini, akanyoosha mkono.

"Nipe mwiko."

Constance alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akaishia kwenye viatu vyake vyeusi vya darasani.

"Vua kiatu kwanza," alisema. "Miye sivaaka."

Stanislas alivua kiatu, akavua na soksi, akausogeza mguu kwenye sufuria.