Utepe wa Zambarau wa Eutiquio

Eutiquio Lasheras, fundi cherehani wa mji mdogo kando ya mto Ebro, ndiye aliyeshona bendera ya chama mwaka mfalme alipoondoka nchini na jamhuri kutangazwa: nyekundu, njano, na zambarau chini. Chama kilikuwa cha Wanajamhuri wa Kati, watu waliotaka kura bila kuchoma makanisa. Mapadri waliwaita makafiri, vibarua wa mashambani wakawaita maji ya vuguvugu.

"Vuguvugu hutuliza tumbo," alijibu don Fidel, mfamasia na mwenyekiti wao. "Nyie endeleeni kujiunguza."

Enzi hizo watu walitukanana mezani, kisha wakasindikizana nyumbani. Leo hawatukanani, wanachongeana.

Kila Februari, siku ya kukumbuka jamhuri ya kwanza, wanachama walikula maharage na soseji, wakainua glasi wamesimama. Aliyelivunja neno lake kwa chama alikunywa ameketi, na hakuna aliyemuuliza kosa. Hata don Fidel aliwahi kuketi, baada ya kukiunga chama na wenye mashamba wakati wa uchaguzi. Vijana walihama kwa hasira, chama kikabaki meza moja.

Vita vilipoanza, don Fidel alimkabidhi Eutiquio bendera. "Ifiche. Siku yake itarudi."

"Nife kwanza, don Fidel, ndipo waione."

Hakufa. Askari walioipinga jamhuri walipouteka mji na kutaka kila roshani itundike bendera ya zamani ya kifalme, nyekundu juu na chini na njano pana katikati, alifumua zambarau, akatia nyekundu mahali pake, akaitundika. Njano ilitoka nyembamba kuliko ya kifalme, lakini askari hawakupima.

Kesho yake walimpitisha don Fidel amefungwa mikono. Aliinua macho, akaiona njano ile nyembamba, akaujua mkono ulioishona. Haraka akatazama chini, kama mtu aliyemfumania rafiki yake uchi. Hakurudi tena.

Miaka ikapita. Februari moja, siku ileile, doña Benilde, mjane wa don Fidel, aliingia dukani na chupa ndani ya shali.

"Funga mlango, baba wee, baridi yote inaingia!" Akamimina glasi mbili. "Haya, itoe tuione kidogo. Fidel aliniambia umeificha."

Eutiquio alifungua kasha, akamwekea mezani utepe wa zambarau, huo tu.

Aliugeuzageuza. "Na bendera iliyobaki?"

Eutiquio alichukua mkasi usio na kazi.

"Panya, siyo? Haidhuru. Simama, tumnywee Fidel."

Doña Benilde akasimama. Eutiquio akavuta kigoda, akaketi, akainua glasi yake.

Mjane alikitazama kichwa kile chenye mvi kilichoinama. Akageuka dirishani, akatazama roshani ilipotundikwa bendera siku ile, kisha utepe.

"Nilimwona akiinua macho," alisema taratibu. "Nikadhani anamtazama jirani yako, kwamba ndiye aliyemchongea. Miaka yote hii, Eutiquio, simsalimu yule mzee wa watu."

Akanywa amesimama, peke yake.