Kosa Lilikuwa Kwenye Karatasi ya Mkufunzi

Nimefundisha hisabati Makere miaka mingi, na sijawahi kumwambia mwanafunzi kwamba hana akili. Mimi niliambiwa, mtu mzima, mbele ya walimu wenzangu, mjini Kasulu.

Ilikuwa semina ya wiki moja ya kutufundisha walimu kuandika programu kwa lugha ya C. Mkufunzi alitoka mbali, shati limenyooshwa kama la harusini. Alitugawia karatasi yenye programu fupi ya kutafuta kipeuo cha pili cha kumi na sita, na chini yake amri ya kuigeuza iwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Tukanakili, ikatoa nne, tukapiga makofi.

Kisha akasema kila mtu aandike ya kwake. Yangu ilikuwa ya kupima mshazari wa shamba, kutoka kona hadi kona ya mkabala: mtu anaingiza urefu na upana, programu inatoa jibu. Mwanzoni kompyuta ililalamika kwamba haijui sqrt, yaani kazi ya kutafuta kipeuo cha pili, ni nini. Hilo nililielewa, nilisahau mstari wa juu unaoitambulisha. Nikauongeza. Likaja lalamiko jingine: sasa jina inalijua, lakini kazi yenyewe imeitafuta haikuiona. Nikanyoosha mkono.

"Umekosea kunakili amri," mkufunzi alisema akiwa bado mezani kwake.

"Nimenakili kama ilivyo. Njoo uone."

Alikuja, lakini hakuangalia kioo. Aliniangalia mimi. "Lafudhi hiyo ni ya wapi? Wewe ni wa kambini?"

"Mimi ni Mtanzania." Wazazi wangu walikimbia Burundi, kweli, na vyeti vyetu vya uraia viko ndani ya sanduku la mama. Kwa nini nimweleze yeye hayo?

"Basi tatizo ni kuelewa maelekezo. Kazi hii inataka akili. Waache wenzako waendelee."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu, kama watu wanavyotabasamu wakitukanwa na mwenye cheo. Tabasamu lile limeniudhi kuliko maneno yake.

Wenzangu walipotoka kunywa chai, nilibaki. Mwalimu wa fizikia anayefundisha Kibondo, mtu wa Tanga, alirudi na kikombe mkononi.

"Dada, chai inapoa."

"Ipoe. Kaa hapa unisaidie kufikiri."

Akakaa. Tukaandika namba moja tu, tisa, moja kwa moja mahali pa vipimo vyangu, programu ikakubali. Tukarudisha vipimo vya kuingizwa na mtu, ikakataa. Tukauchukua mfano wa mkufunzi mwenyewe, tukaondoa ile kumi na sita na kuacha mtumiaji aingize namba anayotaka. Ukakataa vilevile!

"Kumbe mfano wake haukuwahi kuihitaji maktaba ya hesabu, lile faili linalohifadhi kazi kama sqrt," nilisema. "Namba ikijulikana mapema, kompyuta inakokotoa yenyewe wakati wa kuandaa programu."

"Mbona maktaba imetajwa kwenye amri? Hii hapa, -lm."

Ilikuwepo, ila ilitangulia jina la faili langu. Kompyuta ilifika kwenye maktaba kabla ya kuona faili linaloihitaji, ikaona hakuna anayeitaka, ikaipita. Nikaihamishia -lm mwishoni, nikabonyeza. Mita thelathini kwa arobaini: hamsini. Mwenzangu alipiga meza mpaka chai ikamwagika.

Nilimwonyesha mkufunzi, naye akasema, "Ahaa," akaondoka.

Asubuhi yake alisimama mbele yetu. "Kuna jambo dogo nililigundua jana kuhusu mpangilio wa amri," alianza, akaandika -lm mwishoni mwa mstari, ubaoni.

Nilisimama. "Hukuligundua wewe."

"Mwalimu, kaa chini tafadhali."

"Sikai. Jana uliniambia sina akili. Karatasi yako ndiyo ilikosea, na kabla ya kuisoma uliuliza lafudhi yangu. Hiyo lafudhi ingeiharibu vipi amri?"

Mwalimu wa fizikia alisema kutoka nyuma, "Ni kweli, nilikuwepo." Ndiye peke yake aliyeniunga mkono.

"Samahani kama uliumia," mkufunzi alisema, akageukia ubao.

Kama! Nilibaki nimesimama mpaka miguu ikachoka. Kisha nikakaa nikaandika somo lote, kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wanalisubiri na hawakuwa na kosa lolote.

Nyumbani nilimsimulia mama akichambua maharage kwenye ungo.

"Mwana wanje," aliniita kwa Kirundi, yaani mwanangu, "ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, mama. Mbele ya wote."

Akatupa kokoto moja nje, akaendelea kuchambua. Nilitaka aniambie nipoe. Hakuniambia, na sikupoa.