Orijino na Chakachua pale Nyasubi

Juzi nilikuwa Kahama kwa harusi ya binamu yangu. Unajua mambo ya harusi zetu: ukiambiwa saa nane, wewe oga saa tisa. Nikaona nisikae kusubiri bure, nikapita Nyasubi kuutazama mtaa tuliokulia. Pale lilipokuwa banda la mama jirani sasa wanauza pampu za kuvuta maji mashimoni, buti za mpira na makarai. Muuzaji akanikaribisha vizuri tu: "Karibu dada, unachimbia wapi?" Nikamwambia sichimbi, naangalia. Akanitazama kama anayejiuliza ni nani huyu anayekuja kuangalia makarai. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho ile kona ilipokaa kompyuta.

Sasa ngoja nikueleze rafiki yangu, maana hata ukipita pale hutaona kitu. Mama jirani alikuwa akipika chapati na chai ya maziwa, na mafuta aliyotumia yalikuwa ya pamba, yenye ile harufu inayokaa kwenye nguo mpaka jioni. Kwa mbali zilisikika karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zikinguruma tangu asubuhi, nasi tulizizoea kiasi kwamba zikinyamaza ndipo tunashtuka. Katika kona ya banda, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ndipo ilipokuwa kompyuta. Iliachwa na mpangaji wake mmoja aliyehamia Geita. Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, gemu ya mpira.

Gemu ile ilikuja na timu za Ulaya, nyasi za kijani zisizo na kasoro, na mtangazaji wa Kiingereza anayepiga kelele utadhani nyumba inaungua. Hiyo tuliiita Orijino. Lakini kaka yangu alikuwa amejifunza mambo ya kompyuta pale steshenari alipokuwa akifanya kazi, na kaka yangu hakuwa mtu wa kuacha kitu kilivyo. Aliifungua gemu, akaichokonoa, akatoa timu za Ulaya akaweka zetu: Nyasubi, Nyahanga, Mwadui na timu ya wachimbaji wa Geita. Uwanja akaupaka rangi ya vumbi letu. Sura za watu alizipiga picha kwa simu yake akazibandika kwa wachezaji, kwa hiyo mshambuliaji wa Nyasubi alikuwa muuza mkaa, beki alikuwa fundi baiskeli, na refa alikuwa mwalimu wetu wa nidhamu. Wachimbaji walicheza na ovaroli. Hiyo ndiyo tuliyoiita Chakachua, na mimi niliipenda kupita kiasi, sikufichi.

Kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine ilikuwa kazi yangu, maana wengine walikuwa na pupa. Gemu ilifungua folda moja tu, ile yenye jina la data. Kwa hiyo folda ya Orijino niliipa jina mzee, na ya Chakachua nikaiita kijana. Anayetaka kucheza Chakachua, namwita kijana data. Akija mwingine anataka Orijino, data anarudi kuwa kijana, na mzee ndiye anakuwa data. Ukikosea ukachanganya mafaili, ndipo unamwona nyota wa Ulaya amevaa ovaroli, au mwalimu wa nidhamu anapiga penalti. Tulicheka mpaka tunashika mbavu, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa ikiganda, na mama jirani alikuwa akikasirika.

Upande wa Orijino uliongozwa na mtoto wa mama jirani. Alikuwa rika langu na mbishi kama mimi. Alisema Chakachua ni gemu ya kishamba, haina hata sauti. Kweli haikuwa na sauti. Kaka alikuwa ameondoa mtangazaji ili sura zipate nafasi, akaahidi ataweka wa Kiswahili, na ahadi za kaka unazijua, au kama huzijui basi una kaka mwema kuliko wangu. Ukicheza Chakachua ulisikia karasha tu na chapati zikitatarika kwenye kikaango.

Mwaka ule, wakati wa likizo ya Juni, kompyuta ikajaa. Iligoma hata kuwaka vizuri. Mama jirani akatuita wote, mikono bado ina unga, akasema: "Nimechoka. Leo mzee, kesho kijana, mnaniulia mashine. Mkubaliane, moja ibaki, nyingine ifutwe." Kaka hakuwa na nakala nyingine, flashi yake ilikuwa imekufa. Ikifutwa, mtaa wetu wote ndio umefutwa.

Kukubaliana tulishindwa, bila shaka. Ndipo bibi yangu, aliyekuja kunywa chai, akasema tufanye kama ngoma. Wewe wa kwetu unajua, na kama si wa kwetu nikuambie: Wasukuma wakimaliza kuvuna hushindana ngoma, chama cha Bagika upande huu na cha Bagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna majaji wa kukaa mezani. Watazamaji wenyewe ndio hukimbilia wanapovutwa, na penye watu wengi ndipo pameshinda. Bibi ujanani alikuwa Bagalu, tena mchezaji hasa, magoti yake yalikuwa ushahidi.

Basi siku ya Sabasaba kompyuta mbili zikatolewa barazani. Ya mama jirani ikafunguliwa Orijino, na nyingine ambayo kaka aliiazima steshenari tukaihamishia nakala ya Chakachua kwa flashi ya huko huko, kwa sharti kwamba vyote virudi vitupu. Wachimbaji wengi walikuwa wamerudi mjini kwa sikukuu, wakulima wameleta pamba, mtaa umejaa. Mtoto wa mama jirani aliingia kwenye mashindano kwa dhati. Alificha kipande cha mzizi chini ya kibodi, kama manju wa ngoma anavyotafuta dawa ya kuvuta watu. Kibodi ikawa inayumba, kila akibonyeza inainuka upande mmoja. Bibi alimwona akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga.

Lakini mzizi au si mzizi, watu walikwenda kwake. Yule mtangazaji wa Kiingereza alikuwa akipiga makelele, mashabiki wa ndani ya gemu wakinguruma, na nani apite njiani asigeuze shingo? Kwetu palikuwa kimya. Kaka alicheza vizuri siku ile kuliko siku zote, lakini alichezea watoto wachache na mbuzi. Mimi nilisimama nyuma yake, nikiona watu wanatugeuzia mgongo. Nilitamani kumshika mtu mkono nimlazimishe atazame.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Akatazama kioo. Akasogeza kigoda. Akamwona muuza mkaa anakimbia na mpira, naye alimjua kwa sura maana ndiye aliyemuuzia mkaa. Bibi akainuka.

"Huyoo! Muuza mkaa huyoo! Leo hana gunia, mwacheni apite! Fundi baiskeli, simama vizuri, usije ukapata pancha! Alaa, kapata pancha!"

Sauti ile sijui alikuwa ameiweka wapi miaka yote. Ilikuwa sauti ya uwanjani. Muuza mkaa mwenyewe alikuwa upande wa Orijino, akasikia anatajwa. Akageuka. Akaja kuona, akabaki mdomo wazi: "Huyu si mimi huyu?" Akawaita wenzake. Bibi akaona watu wanakuja, ndiyo kwanza akachanganya Kiswahili na Kisukuma, anawasifu wachimbaji wa Geita kwa ukoo na kwa vijiji vyao, anamwambia refa: "Mwalimu, puliza filimbi, au unasubiri mzazi aje?" Wachimbaji wakapiga mbinja, akina mama vigelegele. Mama jirani aliacha chapati ikaungua. Mwisho hata mtoto wake alikuwa anachungulia kupitia mabega ya watu, kibodi ameiacha, Orijino inajichezea peke yake.

Hakuna aliyebishana. Mama jirani akasema: "Haya, mmeshinda. Futeni ile nyingine, tumalize." Nikakaa mbele ya kompyuta yake, nikaweka kishale cha mausi juu ya folda ya mzee. Nilikuwa na furaha ya kuruka. Mtoto wa mama jirani aligeuza uso akawa anautazama ukuta.

Bibi akanishika bega.

"Ng'wanawane, mwanangu, acha. Ukiifuta hiyo, mwakani nitashindana na nani?" Kisha akasema taratibu, sauti imeshakauka: "Sisi Bagalu tulikuwa tunawaombea Bagika mvua. Wapate mavuno, washibe, wawe na nguvu za kuja uwanjani. Mtu akikosa mpinzani, hiyo si ngoma tena, ni mazoezi."

Nafasi ilipatikana vipi? Mama jirani alipumua, akasogea, akafuta mwenyewe filamu zake za mapenzi alizokuwa akitazama banda likiwa tupu. Alizifuta moja moja, ile ya mwisho akaiangalia kidogo kwanza. Mzee na kijana wakabaki wote wawili, na kazi yangu ya kubadilisha majina ikaendelea mpaka nilipokwenda sekondari.

Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu. Kompyuta ilikufa, na kijana akafa nayo. Hakuna aliyebaki na nakala, na wala hatukumrekodi bibi, tulidhani atatangaza siku zote. Siku hizi gemu inajisasisha yenyewe usiku kucha bila kukuuliza, ukiigusa inakufungia nje. Kila mtu anacheza kwenye simu yake, ameziba masikio, na akifunga bao hakuna hata mtu wa kumwonyesha. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba sisi tulikuwa na watu nyuma ya viti vyetu, wakipumua shingoni kwetu, na nilikuwa na raha ambayo sijaipata penginepo.

Mtoto wa mama jirani yuko Geita, ananunua dhahabu, kitambi kimemkaa. Kila tukikutana, hata salamu hatujamaliza, anaanza: "Lakini dada, sema kweli, Orijino ndiyo iliyokuwa gemu." Namjibu kwamba hana macho. Tunabishana mpaka mke wake na mume wangu wanaondoka kutuacha. Na kila tunapoagana namwomba Mungu ampe afya, biashara imwendee vizuri, na asije akanikubalia hata siku moja.